Ahadi ya laki 3, grupu la sendoff na wiki saba za kununiana

Naanza na sentensi yenyewe, kama nilivyoiandika Jumanne ile saa 3 usiku kwenye grupu la WhatsApp la michango ya sendoff lenye watu 112, mi nikiwa mweka hazina: "Wengine tunawaona stetasi mko Forodhani mnakula urojo ila ahadi bado inasoma 50, jamani keta hapikii ahadi". Nikaweka na emoji mbili za kucheka mwishoni. Juu yake nilikuwa nimebandika orodha ya michango kama kawaida, jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki, na namba 14 alikuwa rafiki yangu, ahadi 300,000, katoa 50,000, bado 250,000. Sikumtaja, ila kwenye lile grupu aliyekuwa Zanzibar wiki ile ni yeye peke yake na watu wote walikuwa wameona picha zake.

Ndani ya dakika kumi watu wakaanza kucheka, mmoja akaandika "mweka hazina leo kaamka vibaya", mwingine akaweka emoji ya moto. Yeye akasoma. Hakujibu kitu. Asubuhi nikaona amelefti.

Nimeamua kukiandika hiki kisa kirefu, kwa ruhusa yake, kasoma kabla yenu na kuna sehemu mbili kaniambia toa nimetoa. Nakiandika kwa sababu naona watu wengi tunapoteza marafiki wa miaka kwa vitu vya namna hii, halafu tukiulizwa tunasema "tuligombana hela", na mi nilikuwa nasema hivyohivyo wiki saba nzima, kumbe hata sikuwa najua tumegombana nini.

Kwa ambao hamko Tanzania, nieleze kidogo mambo yanavyoenda. Sendoff ni sherehe ya upande wa bibi harusi, ndugu na marafiki wanamuaga binti kabla ya ndoa, na hapa Dar kwa wengi wetu hiyo shughuli hailipiwi na familia peke yake, inaundwa kamati, kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, zinagawiwa kadi za michango miezi miwili mitatu kabla, kila mtu anasema atatoa kiasi gani na hiyo ndo inaitwa ahadi. Sasa watu wengi hawajui kwamba kamati haipangi kwa hela iliyopo mkononi, inapanga kwa ahadi. Ukumbi unalipiwa advansi kwa kuangalia ahadi, keta, yaani mpishi wa shughuli, anaambiwa sahani ngapi kwa kuangalia ahadi, mpambaji, MC, mziki, keki, ndafu, vyote hivyo. Bajeti yetu ilikuwa milioni 18, ahadi zilifika milioni 16 na laki 4, na siku ile naandika, siku 11 kabla ya shughuli, kwenye simu nilikuwa na milioni 9 na laki 2 tu. Keta anataka asilimia 70 wiki moja kabla la sivyo haingii jikoni. Katibu ananipigia, mwenyekiti ananipigia, mama yake bibi harusi ananipigia na yule mama ni mtu mzima siwezi kumjibu vibaya. Nilikuwa silali.

Hayo siyasemi kujitetea. Nayasema kwa sababu ndo yaliyonidanganya, mtu ukiwa na presha ya kweli unaona kila unachofanya kina haki.

Mi na huyu rafiki tumetoka mbali. Tumekaa chumba kimoja hosteli miaka 3, tumekula wali maharage sahani moja, bibi harusi alikuwa wa tatu wetu. Mi ni mtu wa mahesabu, hata kazi yangu ni hiyo, ndo maana kila kamati nikiingia naishia kuwa mweka hazina, kaunta buku langu linajulikana. Yeye ni mtu wa watu, akifika sehemu dakika tano anajua jina la mtoto wa mama ntilie. Tulikuwa tunataniana sana na hapo ndo nilipojipa kibali cha kuandika vile, nikaona si tunataniana siku zote.

Ila utani una mahali pake. Hata watani wa makabila, Wangoni na Wahehe kwa mfano, ambao wanaweza kukuzuia msibani usizike mpaka utoe hela na usikasirike, wanafanya ana kwa ana, unamwona usoni, unasikia sauti, na kila aliyepo anajua huyu ni mtani. Kwenye grupu la watu 112 nusu yao hawanijui mi wala yeye, na utani wangu pale ulisomeka kama tangazo la mdaiwa sugu. Kuna utafiti wa 2005 wa kina Justin Kruger na Nicholas Epley huko Marekani, waliwapa watu kazi ya kutuma sentensi za kejeli na za kweli, wengine kwa barua pepe wengine kwa sauti, waandishi wakaamini wataeleweka karibu mara 78 kwa 100, kwa sauti ikafika kama 73 lakini kwa maandishi ikatoka 56 tu, yaani karibu na kurusha shilingi. Nilipousoma nilijiona mwenyewe na zile emoji zangu mbili. Wakati naandika nilikuwa nasikia sauti yangu kichwani, ya kicheko, nikadhani na yeye ataisikia.

Kesho yake saa 5 asubuhi bibi harusi akanitumia skrinishoti, rafiki yetu kamtumia yeye moja kwa moja 250,000 yote, na hela ya kutolea juu. Hakupitishia kwangu. Mi nikafurahi! Nikaandika kwenye kaunta buku "amemaliza", nikasema moyoni afadhali imesaidia. Hilo ndo linaloniuma kuliko hata sentensi yenyewe, kwamba nilikuwa na ishara mbili mbele yangu, mtu kalefti grupu na mtu kalipa laki mbili na nusu ndani ya masaa 14, nikasoma ya pili tu maana ndo iliyokuwa na namba.

Kwenye sendoff hakuja. Kadi yake ya double ilibaki mkononi kwangu mlangoni mpaka saa 4 usiku. Bibi harusi alivyoniuliza yuko wapi nikasema labda foleni, na mi mwenyewe nilikuwa najua si foleni.

Baada ya hapo nilijaribu kuweka sawa mara tatu na mara zote nikaharibu.

Ya kwanza niliandika kwenye grupu, "niwaombe radhi wote niliowakwaza katika kazi hii ya kukusanya michango". Watu wakaweka mikono ya sala. Ile samahani haikuwa ya mtu yeyote, niliisema ili nijisikie mwepesi, na yeye hata hakuwepo kwenye grupu.

Ya pili nikatuma voisinoti ya dakika 4 na sekunde 38. Aliniambia baadaye alisikiliza kama sekunde 40 akazima. Nimeirudia kuisikiliza kabla ya kuandika hapa na namwelewa kabisa, sekunde zote 40 za mwanzo naeleza presha niliyokuwa nayo, keta, mwenyekiti, mama bibi harusi, kulala sikulala, neno samahani linakuja dakika ya tatu na linafuatwa na "lakini na wewe ungenitext tu". Mtu aliyeumia ukianza kumweleza ulivyochoka wewe ni kama unamdai tena.

Ya tatu nikamtuma rafiki yetu mwingine aende "akamsikilizie". Hapa nataka nikae kidogo maana sisi kwetu kutuma mtu ni desturi na ni desturi nzuri, mshenga ana kazi yake, wazee wa usuluhishi wana kazi yao. Ila msuluhishi anawakalisha wote wawili anasikia huku na huku. Mi nilituma mtu akalete habari. Akaenda akarudi na "anasema una kiburi tangu zamani", kumbe alichosema ni "yule akiwa na kazi haoni watu". Sikiliza tofauti ya hizo sentensi mbili. Ya kwanza nilikasirika siku tatu, nikaandika meseji ndefu ya kumjibu, dada yangu akaninyang'anya simu akasema kalale kwanza, asubuhi nikaifuta. Ile ya pili ningeisikia kama ilivyosemwa ningejua mapema tatizo liko wapi.

Sasa kuna kitu yeye alifanya ambacho naamini ndo kilichouokoa huu urafiki na wala mi sikukijua mpaka mwisho. Hakumwambia mtu. Wiki saba. Yule mjumbe wangu alipata sentensi moja tu na hakupewa zaidi, bibi harusi hakuambiwa, hata mume wake mwenyewe aliambiwa tu hajisikii kwenda. Alilefti grupu bila neno la kuaga, hakuweka stetasi za mafumbo, hakutengeneza watu wa upande wake. Mi huku nilikuwa nimeshawaambia watu wanne, na kila niliyemwambia alinipa pole na kila pole ilinifanya nione nina haki zaidi. Angefanya na yeye kama mimi tungekuwa na kambi mbili, na kambi zikishakuwepo hata nyie wawili mkitaka kupatana mnaona aibu kwa waliowatetea.

Wiki ya saba nikampigia mama yake. Mama anaishi naye Mbagala tangu baba yao afariki. Nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu umepotea, nikamwambia mama nataka nije Jumapili ila sijui kama nitapokelewa. Akanijibu "nyumba ina mlango, we njoo". Sikusema chochote cha ugomvi na hakuuliza. Jumapili saa 4 nikapanda gari mpaka Buguruni nikaunganisha ya Mbagala, mkononi nina matikiti mawili maana sikutaka kwenda na bahasha wala zawadi ya kusuluhisha, nilienda na kile ningeenda nacho siku yoyote.

Nilimkuta uani kwenye mkeka anachambua mchele. Tukasalimiana ile salamu ya kukaukiana. Mama akaniletea ungo wa pili akanimiminia mchele akaondoka, na yule mama alijua anachofanya kwa kweli, maana mtu ukiwa na kitu cha kufanya mkononi huhitaji kumwangalia mwenzio machoni, na ukimya haukai vibaya. Tulichambua labda dakika ishirini. Halafu nikasema nilichokuwa nimekifanyia mazoezi kwenye gari, kifupi: "Nilichoandika kwenye grupu kilikuwa kibaya. Nilikuaibisha mbele ya watu 112 na nilikuwa najua kila mtu atajua ni wewe. Nisamehe." Nikafunga mdomo. Presha sikuitaja, keta sikumtaja, na neno "lakini" lilinijia nikalimeza.

Hakujibu. Akapepeta, akatoa vijiwe, akapepeta tena. Nikajua imeshindikana. Ndo akasema bila kuniangalia:

"Hela haikuwa shida shoga. We Korogwe ulikuja na bahasha."

Sikuelewa. Kweli kabisa sikuelewa, ikabidi niulize.

Baba yake alifariki karibu mwaka mmoja nyuma, akazikwa Korogwe. Mi ndo nilikusanya rambirambi za watu wa chuo, 480,000, nikaandaa orodha, nikakodi Kosta, tukatoka Dar alfajiri, tukazika, nikamkabidhi bahasha na karatasi yenye majina, jioni hiyohiyo tukageuza. Ilikuwa tarehe 30, nilikuwa nafunga mahesabu ya mwezi ofisini. Muda wote huo nilikuwa nahesabu ile siku kama moja ya siku nilizomfanyia jambo kubwa. Yeye alikuwa anaikumbuka kama siku ambayo usiku ulipoingia, wanawake wote wamelala kwenye mikeka, akageuka kuangalia nani yuko pembeni yake na mi sikuwepo.

Nilikuwa na majibu yote mdomoni. Bosi, tarehe 30, Kosta ilikuwa ya kurudi siku hiyohiyo, na kwamba nani mwingine alikusanya laki nne na themanini. Majibu ya kweli yote. Nikamuuliza tu, ulitaka nibaki mpaka lini?

"Mpaka asubuhi. Asubuhi tu."

Tulilia hapo, sitaandika sana, hii ni moja ya sehemu alizoniambia nipunguze.

Ndipo yakatoka na mengine. Zanzibar alikuwa amepelekwa semina na kazini, picha ya Forodhani ni ya jioni moja na alilipiwa. Mshahara kwao ulikuwa umekata miezi mitatu. Na ile 250,000 aliyotuma asubuhi ile, alikopa mkopo wa simu usiku uleule baada ya kusoma sentensi yangu, ule wenye riba ya kukimbia, na mpaka siku ile tunachambua mchele alikuwa bado anaulipa. Mama aliposikia hilo akasema kutoka jikoni "kukopa harusi kulipa matanga, ndo nyie", na hakuna aliyecheka. Mi nikasema ningejua, akaniambia "ungeuliza", akasema polepole tu, wala hakuwa na hasira tena.

Nikiangalia nyuma naona ugomvi wetu ulikuwa na tabaka mbili na mi nilikuwa naparura la juu tu. Kama ningeenda kumlipa ile 250,000 na riba, kitu nilichofikiria kweli, ningekuwa nimempelekea bahasha nyingine. Mtu mwenye donge la zamani anaweza akavumilia makubwa yako mengi halafu akakatikia kwenye dogo, na wewe ukashangaa mbona dogo. Kwa mi nilivyoona, ukiona mwenzio kakasirika kupita kosa lenyewe, usikimbilie kusema anazidisha. Uliza nyuma kuna nini, na uliza ukiwa tayari kusikia kitu kinachokuchafua mwenyewe sehemu uliyokuwa unajiona msafi.

Na sasa sehemu ambayo watu huwa wanaruka wakisimulia visa vya kupatana. Hatukukubaliana. Kuhusu ahadi, yaani. Siku ileile baada ya kula tulibishana karibu saa nzima, kwa sauti ya juu, mama akawa mwamuzi. Mi msimamo wangu ni kwamba ukisema laki tatu kuna mtu kaagiza kuku kwa neno lako, kwa hiyo ni deni, kama huna sema mapema jina lishuke liandikwe 50 na hakuna atakayekuuliza. Yeye anasema mchango ni moyo, ahadi ni nia ya mtu siku ile alipokuwa nazo, siku ukianza kudai ulichoahidiwa kwa hiari umegeuza harusi kuwa benki, na anasema orodha za kwenye magrupu zinafanya watu waahidi wasichonacho kwa kuogopa kuonekana wadogo halafu tunawashangaa hawalipi. Hapo kwenye orodha nadhani ana haki kuliko mimi. Kwenye kuku nadhani nina haki mimi. Mama akasema wote mna maneno mengi.

Nilichojifunza pale ni kwamba tuliweza kubishana saa nzima bila kuumizana kwa sababu lile la Korogwe lilikuwa limeshatoka mezani. Wiki saba kabla, hoja zilezile zingekuwa mishale.

Haikurudi kama zamani siku hiyo. Mwezi mzima tulikuwa tunaongea kwa adabu mno, "habari za kazi mpenzi", mtu uliyekuwa unamwita majina ya ajabu. Nilitaka kuharakisha nikajizuia. Kwenye grupu la sendoff, ambalo lilikuwa bado lipo maana kamati ilikuwa haijavunjwa, niliandika kwamba ile sentensi niliiandika kumhusu yeye, nikamtaja jina kwa idhini yake, nikasema alikuwa safarini kikazi na mchango wake alimaliza na nilikosea. Mistari mitatu. Niliyemwaibisha hadharani nisingeweza kumwomba radhi uani peke yake, ingekuwa nusu. Wengine hawakuona umuhimu, mmoja akaniambia "si yameisha hayo". Yeye alinitumia meseji moja, "nimeonyeshwa. asante."

Halafu ikaja hitima ya mwaka ya baba yake. Sikuulizwa. Niliomba ruhusa kazini siku tatu, nikapanda basi, kilomita kama 300, nikafika Korogwe saa 9 mchana sina orodha wala mchango wa watu. Nikamenya viazi, nikaosha masufuria, nikalala kwenye mkeka usiku wa kwanza na wa pili. Alfajiri ya kwanza alinikuta nimeamka akasema "umebaki", nikasema nimebaki, akaenda kuwasha moto.

Saizi mdogo wake na mume wangu anaoa, kamati imeundwa, na mi ni mweka hazina tena. Nimebadilisha mambo mawili, orodha haiendi tena kwenye grupu, kila mtu namwandikia inboksi kivyake, na kabla ya kumkumbusha mtu ahadi namuuliza kwanza yuko salama. Kazi ni kubwa zaidi na hela zinakuja polepole zaidi, sitadanganya.

Wiki iliyopita rafiki yangu kanitumia 40,000 na ya kutolea, chini kaandika: "Hiyo ndo nilonayo leo. Usiniandike ahadi, nikipata nyingine nitaleta." Nimempigia tukabishana tena robo saa kuhusu keta. Kwenye kaunta buku jina lake lipo, kwenye safu ya alichotoa nimeandika 40,000, na kwenye safu ya ahadi nimepiga mstari.